Waliosajiliwa Tangini

Siku watoto wa Tangini walipohesabiwa kwa sauti mbele za watu, Mzee Lemayian alikuwa ameketi safu ya tatu, kofia magotini, akingoja kusikia shule yake imekuwa ya ngapi.

Ulikuwa mkutano wa Julai, Kajiado, katika ukumbi wa mabati uliojaa walimu wakuu na wenyeviti wa bodi za shule. Mtihani wa majaribio wa gredi ya tisa ulikuwa umeshasahihishwa, na afisa wa elimu, mama mmoja mtulivu aitwaye Evalyne, alikuwa akisoma matokeo ya shule za serikali za upande ule, kutoka ya kwanza kushuka. Ya kwanza kila mtu aliijua kabla haijatajwa. Ni ile kubwa ya mjini Kitengela, yenye madarasa ya ghorofa na mwalimu wa kila somo. Wakapiga makofi. Ya pili, makofi. Kufika ya kumi makofi yalikuwa yamepungua, na kufika ya ishirini watu walikuwa wakitazama viatu vyao.

Tangini haikuwa jina lake kwenye karatasi za serikali. Watu waliiita hivyo kwa sababu ya tangi jeusi la maji lililoonekana kutoka mbali kuliko shule yenyewe. Ilikuwa mbugani, mwendo wa saa nzima kwa gari kutoka Kitengela pale barabara inapokuwa kavu. Watoto wa junia, gredi ya saba hadi ya tisa, walikuwa na mwalimu mmoja tu, msichana wa Kikamba aliyeitwa Katee, aliyefundisha masomo yote tisa, na la sayansi alilifundishia stoo ya jikoni kwa kuwa ndimo mlimokuwa na meza ndefu. Lemayian alikuwa mwenyekiti wa bodi mwaka wa sita sasa. Hakutarajia makofi. Alichotaka ni wasiwe wa mwisho.

"Ya mwisho," Evalyne akasema, na akataja jina la karatasini. "Watahiniwa thelathini na mmoja. Waliofanya, kumi na saba. Ambao hawakutokea, kumi na wanne. Hao wamepata sufuri, na sufuri zao zimevuta wastani wa shule mpaka hapa mnapoona."

Mambo mawili yalimchoma Lemayian. Kwanza ni vile watoto walivyotajwa kwa hesabu, wazi hivyo, kama mbuzi wa mnadani. Kwao jambo hilo halifanywi. Mtoto akihesabiwa, kuna kitu kinachosikia ile hesabu na kuja kuipunguza. Wala si Wamaasai peke yao. Hata Ndambuki, Mkamba aliyenunua ploti karibu na shule, ukimwuliza ana watoto wangapi atakujibu, "Wako wa kutosha."

La pili lilikuja polepole, likawa zito kuliko la kwanza. Hao ambao hawakutokea ni akina nani? Asubuhi ya mtihani alikuwa langoni mwenyewe. Watoto walipita mmoja mmoja wakimwinamishia vichwa kama desturi, naye akaweka kiganja juu ya kila kichwa. Resian, mjukuu wake, alipita. Namunyak, yule mwepesi wa hisabati, alipita. Hakukosekana mtu. Hakuhitaji kuhesabu ili kujua.

Evalyne alikuwa bado hajakaa. "Na jambo la mwisho. Kabla ya mtihani wenyewe, Septemba, tutapita kila shule. Tutalinganisha jina na uso. Shule itakayopatikana na majina ambayo hayana watoto, haitakuwa kituo cha mtihani. Na matokeo ya watoto wake yanaweza kuzuiwa, yote. Tafadhali msije mkasema hamkuambiwa."

Mwalimu mkuu wa Tangini, Nashon, alikuwa kiti cha pili kutoka kwake. Lemayian alimwona akikunja karatasi yake mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka ikawa haikunjiki tena.

*

Walizungumza nje, nyuma ya ukumbi, mahali ambapo madereva huacha magari.

"Nashon. Hao wengine ni watoto wa nani?"

"Mwenyekiti, hii si mambo ya kuongelea hapa."

"Basi tutaongelea wapi? Wameongelea wao huko ndani na kipaza sauti."

Nashon akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya maneno yake yawe mabaya kuyasikia. Shule ile kubwa ya mjini, alisema, ilikuwa na watoto wazito, wale wa kuvuta wastani chini. Mwalimu mkuu wa huko alisoma naye chuo. Mwezi wa pili alimpigia simu akamwomba awashikie kumi na wanne, kwenye kompyuta tu. Watoto wenyewe wangebaki madarasani mwao Kitengela kama kawaida. Majina ndiyo yangehamia Tangini.

"Na sisi tunafaidi nini?"

"Tunapata idadi. Mwenyekiti, kulikuwa na maneno kwamba gredi ikikosa kufika thelathini, junia inafungwa na mwalimu anahamishwa. Sisi tulikuwa kumi na—"

"Nyamaza hapo."

"Sawa. Tulikuwa wachache. Nikaona, wao wanapanda, sisi hatufungwi. Hakuna mtu anaumia."

"Na karatasi niliisaini mimi."

"Nilikusomea majina yote, Mzee. Ukumbuke. Nikakuuliza, nihesabu? Ukaniambiaje?"

Lemayian alikumbuka. Ilikuwa Machi, ofisini, chai ikiwa mezani. Nashon alisoma majina kwa haraka, na Lemayian, aliyeachia shule darasa la nne, alisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati. Yalipita Wahu na Maina na Nzuki, akadhani ni watoto wa hao wageni waliojenga kando ya barabara, ambao kila mwaka huongezeka. Na Nashon alipouliza ahesabu, yeye mwenyewe alicheka akasema, "Hawa si kondoo, mwalimu. Weka hapo niandike." Akaandika jina lake kwa mkono wake mzito, herufi moja moja, akajisikia mtu mzima.

"Septemba watakuja," akasema sasa.

"Wataletwa. Nimeongea na yule rafiki yangu. Siku ya ukaguzi watapanda basi la shule asubuhi, wavae sweta zetu, wasimame, waitwe, wajibu. Saa nane wamerudi kwao. Na siku za mtihani vilevile."

"Wao wenyewe wanajua?"

Nashon akaitazama ile karatasi yake ndogo. "Bado hawajaambiwa."

*

Jumamosi Lemayian alishuka Kitengela. Mwalimu Katee ndiye aliyemsaidia. Alipoonyeshwa orodha ile iliyosainiwa Machi, akasema, "Kumbe ndio maana niliambiwa niache nafasi kwa rejista," akatafuta nambari ya mzazi wa kwanza kwenye yale majina mageni, akapiga. Mzazi huyo aliitwa Wahu. Alikuwa na kibanda cha kukaanga viazi mtaa wa Noonkopir, karibu na duka la vyuma.

Wahu alikuwa mwanamke mnene wa mikono yenye alama za mafuta ya moto. Alipomwona mzee wa shuka na koti amesimama mbele ya karai lake, alimkagua juu mpaka chini.

"Wewe ndio yule wa simu? Kama ni mambo ya kura, mzee, mimi nilishachoka na nyinyi. Kama ni viazi, keti."

"Sio kura, mama. Ni juu ya mtoto."

"Shiro amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Nataka kujua anasoma wapi."

Wahu akataja ile shule kubwa, kwa kujivuna kidogo, kama mtu anayetaja ukoo wake. Ndipo Lemayian akatoa orodha mfukoni, akaikunjua juu ya benchi, akaweka kidole chini ya jina. Wahu alifuta mikono kwa aproni, akainama, akasoma. Akacheka.

"Mzee, huyu mtoto hajawahi kufika huko kwenu hata kwa tripu. Huko ni wapi? Kuna stima?"

"Kuna ya jua."

"Hii ni makosa ya kompyuta. Watarekebisha."

Msichana aliyekuwa akimenya viazi nyuma ya kibanda aliacha kumenya. Alikuwa mrefu, mabega ameyakunja kama mtu aliyezoea kujipunguza. "Mama," akasema, "si ni ile benchi."

"Benchi gani?"

"Ya nyuma. Si nilikuambia tulihamishwa nyuma, tukiwa kumi na wanne. Mwalimu anatuita wageni. Hata hii mtihani ya juzi, tulifanya lakini zetu hazikusahihishwa. Alizikusanya akaziweka chini ya meza."

"Uliniambia ni juu ya kelele."

"Nilidhani ni kelele."

Mafuta yalichemka karaini na hakuna aliyeyashughulikia. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, watu husema, na kila ajaye kumtazama anaiona ile kamba. Lakini hawa walikuwa wamefungwa nyumbani kwao wenyewe, na hawakujua kamba imeanzia wapi. Lemayian alinyoosha mkono kama alivyozoea, kuugusa utosi wa yule msichana. Shiro akarudi nyuma hatua moja. Mkono ukabaki hewani.

"Na hii sahihi hapa chini ni ya nani?" Wahu akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na ilitisha zaidi hivyo.

"Yangu."

"Ulisoma kabla ya kusaini?"

"Nilisomewa."

"Na wakati walifika kwa jina ya mtoto wangu, uliona nani kwa akili yako?"

Alifikiri akitafuta la kweli. "Sikuona mtu."

Wahu akazima jiko. Alivua aproni, akaikunja vizuri sana, pembe kwa pembe. "Jumatatu," akasema, "wewe na mimi tunaenda Kajiado. Na usiniambie ati uko na ng'ombe."

*

Nashon alifika kwa Lemayian Jumapili baada ya kanisa. Hakuketi.

"Nimesikia unaenda. Mzee, nakuomba. Ukisema, Tangini inafutwa. Watakaoumia ni watoto wako, si wangu. Mimi nitahamishwa tu. Resian atafanyia wapi mtihani? Na yule Namunyak, babake amesema wazi, shule ikiwa mbali hasomeshi. Ukinyamaza, ni asubuhi moja tu, watoto wanakuja, wanajibu majina yao. Hata si uongo. Majina ni yao."

"Na wale wakikataa kupanda basi?"

"Ni watoto. Watapanda."

Resian alikuwa akichota maji kwenye pipa hatua chache tu kutoka pale, na alisikia yote. Nashon alipoondoka, Resian akaja akasimama mbele ya babu yake. Hakuinamisha kichwa.

"Akui, wakija siku hiyo wakakaa na sisi, wakiulizwa mwalimu wetu ni nani, watasema nini?"

"Watafundishwa jina la Katee."

"Na mimi nikiulizwa kama ninawajua?"

Huo ulikuwa mtego ambao Nashon hakuuona, na Lemayian pia alikuwa hajauona mpaka hapo. Wale kumi na wanne hawangedanganya peke yao. Kila mtoto wa Tangini angetakiwa adanganye nao, uso kwa uso na afisa, na akikosea mmoja tu, wote wameanguka. Alimtazama mjukuu wake na kwa mara ya kwanza akaogopa kwamba angeweza. Kwamba angesema, "Ndiyo, tunasoma pamoja," bila kupepesa, kwa sababu babu yake ametaka.

"Chukua maji uende," akamwambia.

*

Ofisi ya Evalyne ilikuwa na feni isiyozunguka na mafaili mpaka dirishani. Alisikiliza bila kuandika. Wahu alisema kwa haraka na kwa hasira. Lemayian alisema polepole, na hakuacha chochote, hata lile la chai na kicheko. Walipomaliza, Evalyne aliweka kalamu yake juu ya karatasi tupu, akaiacha ikilala hapo.

"Mzee wangu, nikiandika hii, siwezi kuiandika nusu. Huyu mama mtoto wake anarudishwa kwa orodha ya shule yake, pamoja na wenzake. Hiyo ni rahisi. Lakini Tangini inaondolewa kuwa kituo leo. Sio Septemba. Leo. Na junia yenyewe, kwa idadi itakayobaki, sioni ikiendelea. Unaelewa?"

"Na wangu watafanyia wapi?"

"Shule iliyo na nafasi."

"Ni ipi hiyo?"

Evalyne akatazama jedwali ukutani, ingawa ilionekana alijua. "Ni hiyo hiyo ya mjini."

Wahu, ambaye njia nzima alikuwa hajamsemesha mzee, akageuka kumtazama. Alikuwa amepata alichokuja kutafuta, na sasa alikiona kimetolewa mkononi mwa nani.

Lemayian alizungusha kofia yake. Alifikiria kusema tusubiri. Alifikiria basi la shule likipita vumbini na wale watoto ndani yake wakikariri jina la mwalimu ambaye hawamjui. Alifikiria Resian.

"Andika," akasema.

Kalamu ilisikika ikikwaruza kwa muda mrefu sana.

*

Barua ilikuja kabla ya wiki kuisha. Nashon alihamishwa upande wa Magadi. Katee alipelekwa Rongai, na siku ya kuondoka alibandua chati zake ukutani moja moja, akazikabidhi kwa watoto wa gredi ya sita. Mwalimu mkuu wa shule kubwa aliandikiwa ajieleze, naye akajieleza, na ikawa imeisha. Chumba cha junia kilifungwa kufuli.

Wazazi walikuja bomani kwa Lemayian, wakasimama nje ya uzio. Hawakumsalimu hata kwa sopa na yeye hakungoja waseme. Mmoja alisema, "Ulitufungia mlango ukiwa ndani na sisi." Mwingine alisema kijana wake sasa atafuata ng'ombe kuelekea Namanga, kwani malisho yameisha na shule imeisha. Babake Namunyak hakuja. Alikuwa ameshahama na mifugo na binti yake siku mbili kabla. Watu walipita bomani kwao wakakuta jivu na chupa ya plastiki.

Waliokubali kwenda mjini walikuwa tisa. Ndambuki aliwapeleka kwa pikapu yake, na kila mmoja akatafutiwa jamaa wa kulala kwake. Resian hakuwa na jamaa Kitengela. Wahu alipiga simu mwenyewe.

"Alete blanketi yake. Atalala na Shiro. Na umwambie sisi hapa tunaamka saa kumi na moja kumenya viazi, asije akashangaa."

"Asante, mama."

"Usinishukuru bado," Wahu akasema, na akakata.

Ijumaa ya kwanza Resian alirudi nyumbani. Lemayian alikuwa amesimama barabarani tangu adhuhuri, akitazama vumbi la kila gari. Mjukuu wake alishuka na begi lake, viatu vimepigwa rangi, harufu ya mafuta ya kukaangia kwenye nywele. Walitembea pamoja kuelekea boma.

"Wanafundisha vizuri?"

"Vizuri. Sayansi iko na mwalimu wake, na maabara. Mambo tuliyokuwa hatujafika, wao walimaliza mwaka jana. Hata nikiuliza, nauliza kitu wameshasahau."

"Utashika."

"Nitajaribu."

"Umekaa na Shiro?"

"Shiro amerudishwa mbele."

Walikuwa wamefika pale njia inapogawanyika. Lemayian akasimama.

"Na nyinyi?"

"Sisi tuko nyuma. Tisa. Mwalimu mkuu alikuja darasani akasema tujisikie nyumbani, lakini matokeo yetu yatatenganishwa, yasiingie kwa wastani ya shule. Nikainua mkono. Nikamwuliza, sasa kama si ya hapa, na Tangini imefungwa, yataandikwa wapi?"

"Akasemaje?"

Resian alihamisha begi kutoka bega moja hadi lingine.

"Akasema hilo bado hawajaamua."